Fanani Asiye na Uso

Ama kwa hakika, nisomapo habari za San Vicente de la Sonsierra, kijiji cha wakulima wa mizabibu katika jimbo la La Rioja nchini Uhispania, sivutiwi kwanza na mvinyo. Kijiji kimekaa kilimani juu ya mto Ebro. Kandokando yake mna vishimo vilivyochongwa mwambani, ambamo wazee wa kale walikanyaga zabibu, maji yake yakatiririka kwa mfereji hadi kishimo cha chini. Leo ni vitupu. Yeyote aweza kuvigusa.

Kinachonikaa moyoni ni Alhamisi Kuu na Ijumaa Kuu. Wanaume wenye toba, chini ya udugu wa Vera Cruz, huvaa kanzu nyeupe, wakafunika nyuso, wakajipiga mgongoni kwa fungu la nyuzi hadi ngozi ivimbe. Kisha mzoefu huwadunga kwa donge la nta lenye vipande vya kioo, damu ikatoka. Mfalme Carlos III alipiga marufuku kujipiga hivyo katika maandamano mnamo 1777. Hawa wangali wanajipiga.

Watalii humiminika na kamera zao, ilhali kanuni ni kwamba mwenye toba asijulikane. Sisi wanafunzi wa fasihi simulizi tumezoea kudai jina la fanani, umri wake, hata picha. Huyu akijulikana, tendo lenyewe limeharibika. Ningetumwa huko na fomu ya utafiti, nafasi ya jina ningeiacha wazi.