Mahali Maji Yalipoingilia



Katika mji wetu wa Bukavu mvua hunyesha tangu Septemba hadi Mei, na magari yetu mengi yamekwisha kutumiwa na wengine kabla ya kutufikia. Bila shaka wengi wenu mmewahi kufungua buti ya gari la mzazi au la jirani, mkakuta zulia limelowa na harufu ya uvundo imetanda. Mwenye gari hupangusa maji, hulalamika kidogo, kisha husubiri mvua nyingine. Leo ningependa tulitazame jambo hilo dogo kwa makini, kwa maana linatufundisha jinsi ya kutafuta ukweli kabla ya kumhukumu mtu.

Gari tunalolitumia kwa safari za mafunzo ya walimu lina zaidi ya miaka 20. Asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku kucha, tulikuta sanduku la madaftari limelowa ndani ya buti, na wino umetawanyika hata maandishi hayasomeki. Lawama ilimwangukia mara moja kijana aliyepakia mizigo. Wenzake walisema hakufunga buti vizuri. Mwingine akaongeza kwamba alibeba bidoni ya maji isiyo na kifuniko. Yeye alijibu neno moja tu: «Papa, mimi nilifunga.» Wakati huo wengine walikuwa wakihesabu bei ya madaftari ili ailipe. Niliwaomba wangoje hadi Jumamosi, tulichunguze gari kwanza pamoja na fundi.

Fundi, mzee mwenye maneno machache, alituambia kwamba maji yakiingia juu huteleza kwenye mikunjo ya bati, hupita chini ya zulia, na kutulia katika shimo la tairi la akiba, kwa sababu ndipo mahali pa chini kuliko pote. Dimbwi huonyesha mahali maji yalipoishia. Basi tukatoa zulia, ubao wa sakafu na tairi, tukalikausha bati kwa vitambaa na kuliacha juani. Juu ya bati lililolowa huwezi kuuona mfereji mpya.

Tulianza na mpira unaozunguka mlango wa buti. Tulisaga chaki ya ubaoni, tukaupaka unga wake, tukafunga na kufungua. Palipogusana na mpira, chuma kilibaki na mstari mweupe, nao ulizunguka pande zote bila kukatika. Mpira ulikuwa mzima, na mlango ulikuwa ukifunga barabara.

Kisha ikaja kazi ya kumwaga maji. Kiti cha nyuma kililazwa ili mtu aweze kukaa ndani akiwa na hewa na njia ya kutokea. Yule kijana aliyelaumiwa aliomba aingie yeye mwenyewe, akiwa na tochi. Sisi nje tulimwaga maji polepole, tukianzia chini na kupanda juu, sehemu moja kwa dakika kadhaa kabla ya kugusa nyingine. Ukimwaga juu kwanza, maji hulowesha kila kitu na hutajua ni wapi yamepita. Kwenye bampa, pakavu. Kwenye taa ya kushoto, pakavu. Tulipofika kwenye taa ya kulia, sauti ikatoka ndani: «Inaingia!» Uzi mwembamba wa maji ulikuwa ukishuka nyuma ya taa hadi katika shimo la tairi.

Mmoja wetu alitaka tupake silikoni pande zote ili tumalize upesi. Fundi alikataa: ikipakwa juu ya uchafu hubanduka, na tundu hubaki limefichwa. Mwingine alipendekeza tuondoe kizibo cha sakafu ili maji yatoke yenyewe. Fundi akamjibu kwamba yangetoka, naam, lakini yangeendelea pia kuingia, na kutu ingekula bati. Akafungua nati, akaitoa taa, akakwangua sponji ya zamani iliyokuwa ngumu kama ganda kavu. Alisafisha bati, akaweka mpira mpya, kisha akakaza nati moja baada ya nyingine, kidogo kidogo, kwa sababu ukikaza upande mmoja kwa nguvu plastiki hupasuka. Palipokuwa na kutu alisugua kwa brashi ya waya na kupaka rangi ya kuizuia. Tulimwaga maji tena, na bati likabaki kavu.

Hakuna aliyezungumza tena juu ya bei ya madaftari. Yule aliyetaja bidoni alimwendea mwenzake, akamwomba msamaha mbele yetu sote, kama alivyomshtaki mbele yetu sote. Jioni ile waliketi pamoja wakinakili upya kurasa zilizoharibika.

Mtakapokutana katika kikundi chenu, ulizaneni: Ni nani miongoni mwetu amelaumiwa kwa sababu tu alikuwa karibu na dimbwi? Je, tumekwisha kumpa nafasi ya kuingia ndani na tochi? Na ikithibitika kwamba hakukosa, nani atakwenda kumwambia, na mbele ya nani?