Ndege tatu juu ya kabati

Hapa ni Mlimani. UE zimekaribia, watu wamehamia maktaba na thermosi zao za chai, mie niko bwenini nafuta vumbi kwenye ndege. Ndiyo, ndege. Kila anayepita chumbani kwetu anauliza, "Mtu mzima na midoli ya nini?" Basi leo nawajibu wote kwa mpigo.

Kwanza si midoli bwana. Ni modeli za chuma cha kusubu, na zangu zote ni za kipimo cha 1:400, yaani sentimita 1 kwenye modeli ni mita 4 kwenye ndege yenyewe. Wapo wanaokusanya 1:200, kubwa na ghali, na wapo wa 1:500, kipimo ambacho Herpa ya Ujerumani inajulikana nacho. Chuma chenyewe ni zinki iliyochanganywa na alumini, magnesi na shaba kidogo. Kinayeyushwa, kinasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu, kisha nembo na madirisha yanapigwa kwa mhuri laini unaofuata mviringo wa ndege. Ukisogeza jicho unasoma mpaka namba ya usajili.

Ninazo tatu tu. Boeing 747 ya KLM niliiokota kwenye mitumba ya Karume, haina magurudumu ya mbele. A380 ya Emirates aliniletea binamu yangu anayefanya kazi Dubai. Ya tatu, Dreamliner ya Ethiopian, nilinunua mwenyewe, na hapo ndipo ruumeti wangu aliponisema wiki nzima. Mpya ya kipimo hiki inakwenda kama dola 50, bado usafiri. Kwa bumu la elfu 10 kwa siku, hizo ni siku 12 za kula. Nilijibana miezi mitatu. Chipsi mayai niliziona kwa macho tu.

Ruumeti anasema niiuze. Mama naye, aliposikia bei, alinyamaza kwenye simu mpaka nikadhani mtandao umekatika. Mdogo wangu anaanza kidato cha kwanza, jamani, najua kabisa laki moja inafanya nini nyumbani.

Sasa sikilizeni kilichonizuia. Muhula uliopita nilipokwenda mazoezi ya kufundisha nilipewa kidato cha tatu, Hisabati, wanafunzi 70 na kitu, somo la maumbo yanayofanana. Zana za kufundishia ni chaki. Nikaifunga Dreamliner kwenye soksi, nikaenda nayo.

Wakusanyaji wana sheria yao: usishikeshike. Antena ni nyembamba kama sindano, matairi yanachomoka, na modeli yenye kasoro haina bei. Nilipanga niiweke mezani, waitazame kwa mbali. Binti mmoja wa nyuma akanyosha mkono: "Mwalimu, tunaweza kuishika?"

Wadau, niliona zile siku 12 zikipita mbele ya macho. Halafu nikaitoa. Ikazunguka mikono zaidi ya 70.

Wakaipima kwa rula: sentimita 14 na kidogo. Mara 400, karibu mita 57. Sahihi, 787-8 ina urefu wa mita 56.7. Wakapiga makofi. Nikawauliza, na uzito je? Wote wakataka kugawa kwa 400. Nikawaambia hapana, uzito unafuata ujazo, kwa hiyo ni 400 mara 400 mara 400, yaani milioni 64. Ndege hiyo inaruhusiwa kuruka na tani karibu 228. Gawanya: haifiki gramu 4! Yule binti akaipima mkononi, akasema, "Mbona hii ni nzito hivi?" Nikanyamaza, nikawaachia. Baada ya muda akajijibu mwenyewe: "Kumbe ile ya kweli ndani ni tupu." Ndiyo. Ndege ya kweli sehemu kubwa ni ganda na hewa. Sijawahi kuona darasa limetulia vile.

Ilirudi bila antena moja. Thamani ya soko imeshuka, na sijali.

Maana zipo modeli nyingi za Dinky, zilizotengenezwa Liverpool miaka ya 1930, zilizokufa kabatini bila mtu kuzigusa. Zinki yao ilikuwa na uchafu wa madini ya risasi, ikapasuka na kumeguka yenyewe. Kutunza peke yake hakuzuii kitu kuisha.

Na kuna ndege ninayoitamani kuliko zote: Super VC10 ya East African Airways, shirika la Tanzania, Kenya na Uganda lililovunjika 1977. Moja wapo ilikuwa 5H-MOG, na 5H ni usajili wetu. Ndiyo VC10 ya mwisho kutengenezwa. Baadaye ikawa ya jeshi la anga la Uingereza kama ndege ya kujazia wenzake mafuta angani, kwa namba ZA150, ikafanya kazi mpaka Septemba 2013 ilipotua Dunsfold kuhifadhiwa. Nilipowasimulia wale wanafunzi, hakuna aliyewahi kusikia kwamba tulikuwa nayo. Nami nilijua kwa sababu ya hii "midoli".

Kwa hiyo siuzi. Mdogo wangu nitamtafutia kwa njia nyingine. Nimeshapata watoto wawili wa kuwafundisha tuisheni Sinza, Jumamosi na Jumapili. Nikipangiwa shule, popote pale, ndege tatu zinakwenda na mimi, na zitashikwa.

Ruumeti, umesoma? Haya, nipishe nirudi kwenye notisi. Wenye antena ya 1:400 wanitafute.