Taa Iliyokula Mkono

Walimu wenzangu, naomba niwasimulie jambo lililonifundisha mimi kwanza kabla ya kuwafundisha wanafunzi wangu.

Nasomesha Kiswahili katika shule moja ya msingi hapa Uganda, si mbali na Jinja. Siku hiyo somo letu lilikuwa ufahamu, na habari yenyewe ilihusu nishati. Niliandika ubaoni: "Nishati ni uwezo wa kufanya kazi." Watoto wakaikariri sentensi hiyo mara 3, nami nikaridhika. Ndipo mvulana mmoja aliyeketi nyuma aliponyoosha mkono, akauliza: "Mwalimu, baba yangu hana kazi. Je, hana nishati?" Darasa likaangua kicheko. Nami, badala ya kumjibu, nikamwamuru aketi.

Usiku ule usingizi ulichelewa kunijia. Mtoto yule hakufanya mzaha. Alilichukua neno kazi kwa maana anayoisikia nyumbani, yaani ajira; mwanasayansi hulitumia kwa maana ya kani inayosogeza kitu. Kosa lilikuwa langu mimi niliyempa neno bila kumwonyesha kitu chenyewe.

Asubuhi nilimwendea mwenzangu wa sayansi, nikamweleza yote. Akaja darasani na jiwe, bonge la udongo wa mfinyanzi, na baiskeli kuukuu yenye dainamo na taa. Aliliangusha jiwe juu ya udongo, likaacha shimo. Akaliangusha tena kutoka juu zaidi. Shimo likazidi kina. "Jiwe nililoliinua lilikuwa na akiba," alisema, "ingawa mliliona limetulia."

Kisha akaipindua baiskeli magurudumu juu, akamwita yule mvulana azungushe pedali. Dainamo ikavuma, taa ikawaka, watoto wakapiga makofi. Mwenzangu akauchomoa waya: taa ikazimika, na pedali ikawa nyepesi. Akaurudisha: pedali ikawa nzito tena. Mvulana akasema kwa mshangao: "Mwalimu, taa inakula mkono wangu!"

Safari hii hakuna aliyecheka. Pamoja tukaifuata njia ya nishati: kutoka uji wa asubuhi hadi mkononi, kutoka mkononi hadi kwenye gurudumu, kisha ikawa umeme, na mwisho mwanga na joto. Haikuumbwa pale, wala haikupotea. Ilibadili umbo tu. Nikawakumbusha bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954, ambalo leo huitwa Nalubaale. Huko, maji ya mto Nile yanayoporomoka ndiyo mkono unaozungusha mitambo.

Mwishoni nilimgeukia yule mvulana mbele ya wenzake. Nikamwomba radhi, nikasema: "Baba yako akilima, akiteka maji au akipasua kuni, anafanya kazi hata kama hana ajira. Nishati anayo." Akatabasamu, akaketi bila kuamriwa.

Neno nishati tumelipata kwa Waarabu, na asili yake ni uchangamfu. Nilikuwa nimelifundisha likiwa limekufa. Wahenga walinena kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Lakini sisi walimu, ndugu zangu, methali hiyo haitufai kuwa kisingizio. Asiyejua maana ndiye tuliyeajiriwa kumwambia; na pale maneno yanaposhindwa, tumwite mwenzetu mwenye baiskeli.