Tarehe Mbili za Ndoa Moja

Mke wangu nimemuoa mara mbili, na mara ya pili ilikuwa uongo. Watu wa kwetu Tanga wamenisikia sana nikisimulia Houston: ghala ninakobeba boksi usiku, joto lisilo na upepo wa bahari, mama anavyopika bada kwa unga wa muhogo wa duka la Wanaijeria. Jinsi nilivyoingia huku sijawasimulia.

Mama alipata viza ya bahati nasibu, ile ambayo Marekani ilikuwa ikiwagawia kila mwaka watu wasiozidi 55,000 kutoka nchi zisizopeleka wahamiaji wengi. Bahati hiyo ilikuwa ikimchukua mshindi, mwenzi wake, na watoto ambao hawajafika miaka 21 na hawajaoa wala kuolewa. Wadogo zangu waliingia humo. Mimi nilikuwa nimeshauvuka umri, nikabaki na bibi Ngamiani. Mwaka 2010, akiwa mkazi wa kudumu, mama akaniombea katika fungu la watoto wakubwa wasio na ndoa. Fungu hilo lina nafasi 26,266 kwa mwaka kwa dunia nzima, na foleni yake huenda kwa miaka.

Kutokuwa na ndoa hakuhesabiwi siku ya kuomba tu. Unatakiwa uwe hivyo mpaka siku unagongewa muhuri wa kuingia. Ukioa katikati, ombi linakufa lenyewe, kwa sababu mkazi wa kudumu haruhusiwi kumwombea mtoto mwenye ndoa. Anayeruhusiwa ni raia, na hapo unahamia foleni nyingine iliyo ndefu zaidi. Mama aliyajua haya. Hakuna simu aliyonipigia, iwe ya Idi, ya msiba au ya kuniambia pesa imetumwa, isiyoishia na maneno yale yale: "Mwanangu, usioe kwanza."

Viza ilitoka mwaka 2017. Afisa aliyenihoji alilirudia onyo la mama, kwa upole. Nilikuwa na mchumba wa siku nyingi, na njia iliyonyooka ilikuwepo: nipande ndege, niingie, nifanye kazi kidogo, nirudi kumuoa mchana kweupe, kisha nimwombee kama mke wa mkazi wa kudumu. Sheria ilikuwa inaniomba subira tu, tena si ya muda mrefu kwa mtu aliyekwisha kungoja miaka saba.

Baba wa mchumba wangu hakutaka ahadi. Mtaani kwao kulikuwa na binti aliyeachiwa ahadi na kijana aliyekwenda majuu, mpaka akina mama wakaacha kumuuliza habari. Mzee akasema, "Ukimtaka, muoe. Ukitaka safari, safiri." Ningeweza kumjibu. Ningeweza kumpigia mama aongee naye, mzazi kwa mzazi. Sikufanya hivyo kwa sababu niliogopa kwamba mchumba mwenyewe, akipewa nafasi ya kuchagua, huenda asinisubiri. Hilo ndilo nililolificha kwa muda mrefu kuliko yote, hata nafsi yangu nikaiambia kwamba nililazimishwa na wakwe.

Tukafunga ndoa ya mkeka, jioni, baada ya isha. Kwetu ukisema ndoa ya mkeka watu wanacheka, wanadhani mmefumaniwa. Yetu ilikuwa ya haraka tu, na ya watu wachache: mzee, mashahidi wawili, mmoja wao mjomba wangu, na sheikh wa mtaa. Nilimwomba sheikh asijaze kitabu cha vyeti. Alinitazama, akasema kitabu ni cha serikali. Ndoa ni walii, mashahidi, ijabu na kabuli, na vyote vipo. Nilifurahi. Nilimsikia akiniambia kwamba mbele ya Mungu nimeoa na mbele ya serikali bado, na nikaona nimeipata ile nafasi katikati ambamo mtu mwerevu hupita.

Wiki chache baadaye, kwenye uwanja wa ndege, afisa wa uhamiaji aliniuliza kama sijaoa. Nikajibu sijaoa. Lilikuwa jibu jepesi mno. Hata jasho halikunitoka.

Mwanangu alizaliwa mwaka 2018. Mama alipata habari kutoka kwa bibi, na kwa kuwa mimi kwake nilikuwa mseja, alielewa alivyoelewa. Hakunigombeza. Alianza kutuma pesa ya maziwa ya mtoto, na hakuwahi kulitamka jina lake mbele ya marafiki zake wa huku. Nilimwona akinyamaza akina mama wenzake walipokuwa wakionyeshana picha za wajukuu, na sikusema neno.

Kisha nikataka kumleta mke. Kumwombea kunahitaji cheti cha ndoa, na cheti kina tarehe. Tarehe ya kweli ingesema kwamba siku naingia Marekani sikuwa na haki ya viza niliyoishika. Mjomba, yule yule shahidi, akanipa dawa: "Oa tena. Nani atajua?" Mwaka 2019 nikarudi nyumbani, nikaoa tena, safari hii Dar es Salaam, kwa sheikh asiyetujua, kitabu kikajazwa. Mke wangu alipakwa hina na kupambwa upya, kama mwari. Mtoto tulimfungia chumba cha pili na jirani ili asitokee kwenye picha, akalia muda wote wa khutba. Baba mkwe alinishika mkono akatamka tena kwamba ameniozesha binti yake. Alitamka haraka, akauachia mkono wangu kabla sijamaliza kuitikia. Tangu siku ile anaponipa salamu ananiita "bwana", haniiti tena "mwanangu".

Nikapeleka maombi na cheti kile. Yalichelewa kwa sababu ya korona, na ucheleweshaji ule ndio uliotuokoa. Tulipata muda wa kumwandaa mke kwa mahojiano, nami nilimwandaa kwa simu, swali baada ya swali. Mmejuana lini? Mmeoana lini? Mtoto kazaliwa lini? Hapo akasimama. Akaniuliza kama nimewahi kuzipanga tarehe zile mbili, ya ndoa na ya kuzaliwa, nikaona zinasema nini juu ya mtoto. Nilikuwa nimeziona. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba ni karatasi tu, kwamba huko Marekani hakuna anayejali.

"Mimi najali," akasema. "Nikiapa hivyo, mwanangu ni wa nje ya ndoa, na aliyeapa ni mama yake. Siapi."

Tuligombana kwa miezi. Nilimwambia anauchezea mustakabali wetu, neno kubwa nililolitoa sijui wapi. Mwishowe nikaenda kwa mwanasheria, nikidhani atanisaidia kumshawishi. Mwanasheria yule aliniuliza maswali machache, akaweka kalamu chini. Marekani huitazama ndoa kwa sheria ya mahali ilipofungwa, akaniambia, na Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya Kiislamu. Kutosajiliwa peke yake hakuibatilishi. Yaani maneno ya sheikh wa mtaa, yale niliyoyasikia kama ruhusa, yalikuwa ndiyo sheria yenyewe. Kama mke wangu angeapa uongo, angejifungia mlango wa nchi hii maisha yake yote, labda apate msamaha maalumu. Aliyekuwa na akili kati yetu ni yeye.

Maombi tukayaondoa. Kuhusu mimi, mwanasheria alieleza kwamba jaji wa uhamiaji anaweza kuusamehe uongo wa namna hii kwa mtu ambaye mzazi wake ni raia au mkazi wa kudumu, lakini msamaha huo huombwa ukiwa tayari umeshtakiwa ufukuzwe. Maana yake nijipeleke mwenyewe. Nikikaa kimya, kadi yangu inaisha 2027. Uraia, ambao ningeuomba tangu 2022, siugusi: fomu inauliza tarehe ya ndoa, kisha inauliza kama umewahi kumdanganya afisa wa serikali.

Nilimwambia mama mwaka jana, jikoni. Alikuwa raia tangu 2019. Kabla ya hapo alikuwa akiahirisha kwa kuogopa mtihani wa maswali kumi, ambao siku alipoufanya hakukosa hata moja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Neno la kwanza alilosema halikuhusu makaratasi.

"Kwa hiyo nina mjukuu halali, na miaka yote hii nimekuwa nikiwaombea toba?"

Halafu ndipo akaja kwenye hesabu, maana mama ni mtu wa hesabu. Angejua kwamba wakwe wananibana, angekwenda kula kiapo cha uraia mapema, na mimi ningeoa hadharani. Tungesogea kwenye foleni ile ndefu, sawa, lakini mke na mtoto wangekuwa ndani ya ombi lile lile. Sikuwa na jibu. Alichukua simu akampigia mke wangu, akatoka nayo nje, wakazungumza mpaka chaji ikaisha.

Sasa tunakusanya ushahidi wa tarehe ya kwanza. Mama ameandika tamko lake. Baba mkwe ameandika lake, ukurasa mmoja, bila kunitaja kwa jina. Sheikh alifariki. Shahidi mmoja, dereva wa basi la Dar, amekwenda kwa wakili kuapa na hakutaka hata nauli. Wa pili ni mjomba, na tangu alipoambiwa kinachotakiwa hapokei simu yangu.