Kufundisha Somo la Homoni kwa Ukuta na Chaki

Wakufunzi wengi tunaofundisha Baiolojia katika vyuo vya ualimu huifikia mada ya homoni mwishoni mwa muhula, mtihani ukiwa umekaribia. Basi tunachora mwili wa binadamu ubaoni, tunaweka mishale penye tezi, na tunawapa wanachuo jedwali la kunakili: tezi hii, homoni hii, kazi hii, ugonjwa huu. Katika safu ya mwisho, homoni ya ukuaji ikizidi huandikwa “jitu”. Ikipungua huandikwa “mbilikimo”. Wanachuo hucheka kidogo, hunakili, na kipindi huisha. Nia yangu katika makala haya ni kuyajadili maneno hayo mawili, kwa kuwa naona yamelidhuru somo kuliko kulisaidia.

Jitu la hadithi zetu hung’oa mibuyu. Robert Wadlow wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1918, ndiye mtu mrefu kuliko wote ambao vipimo vyao vimethibitishwa: alifikia meta 2.72, kwa sababu tezi yake ya pituitari ilitoa homoni ya ukuaji kupita kiasi. Huyo hakung’oa mbuyu wowote. Alitembea kwa msaada wa fimbo na vyuma vya kushikilia miguu, na nyayoni hisia zake zilikuwa hafifu. Mwaka 1940 chuma kimoja kilimchubua kifundoni, kidonda kikaingia vijidudu, naye akafariki akiwa na umri wa miaka 22. Nikiwasimulia wanachuo habari hii, hakuna anayecheka tena. Ndipo huweza kuwaeleza kwamba homoni hiyo ikizidi kwa mtu mzima, ambaye mifupa yake mirefu imekwisha kufunga, kimo hakiongezeki, bali viganja, nyayo na taya hupanuka polepole na moyo hudhoofika. Ugonjwa huo uliitwa akromegali na daktari Mfaransa Pierre Marie mwaka 1886.

Neno la pili ni baya zaidi, maana linachanganya watu ambao hawahusiani. Wako watu wa misitu ya Kongo, wafupi kwa asili yao na wazima wa afya. Wako wenye kiwiliwili cha kawaida na mikono na miguu mifupi. Hao aghalabu kasoro yao imo katika urithi unaoongoza ukuaji wa mifupa, na homoni zao hazina kosa. Kisha yuko mtoto ambaye tezi yake imeacha kufanya kazi. Huyu wa mwisho ndiye wa somo letu, naye pengine anaonekana wa kawaida kabisa, ila ni mdogo kuliko wenzake, na mwalimu humweka dawati la mbele bila kufikiri zaidi.

Hatumtambui kwa kumtazama siku moja. Mtoto mfupi anaweza kuwa mzima kama wazazi wake wafupi; na yule aliyekuwa wa kimo cha kati anaweza kuwa mgonjwa ikiwa hakui. Tangu umri wa miaka mitano hivi hadi kubalehe, mtoto mzima huongezeka sentimita 5 au 6 kwa mwaka. Kwa hiyo tunachohitaji kukijua ni mwendo wa ukuaji.

Hii ndiyo sababu nimeacha jedwali. Katika shule ya mazoezi iliyo jirani na chuo, wanachuo wangu huwapima wanafunzi mwanzoni mwa kila muhula. Zana zake ni ukuta ulionyooka, chaki, futi kamba na kipande cha ubao. Mtoto huvua viatu, visigino vyake hugusa ukuta, ubao hulazwa kichwani. Upimaji hufanyika asubuhi, kwa kuwa ifikapo jioni mwili hupungua kimo kidogo. Alama hufutwa mara moja, na namba huandikwa daftarini bila kutangazwa; darasa likianza kushindanisha namba, aliye mfupi hatarudi kupimwa.

Kwa njia hiyo mwanachuo mmoja aligundua kuwa mvulana wa darasa la tano alikuwa ameongezeka sentimita moja na nusu tu katika mwaka mzima. Mwalimu wake alikwisha kumhesabu kuwa mzembe, kwa sababu alilalamika kichwa mara kwa mara na kujigonga kwenye pembe za madawati. Sasa, tezi ya pituitari ina ukubwa wa punje ya njegere, nayo imelala chini ya ubongo, pale ambapo juu yake mishipa ya macho hupishana. Uvimbe ukiota hapo hubana vyote viwili: ukuaji husimama, na macho huacha kuona vya pembeni. Mwanachuo aliziweka dalili hizo tatu pamoja. Mzazi alipewa barua yenye vipimo vya mihula yote, akaenda nayo hospitali, na uvimbe ukaonekana.

Mvulana alipasuliwa. Jicho moja linaona vizuri, la pili kwa taabu. Kila siku humeza vidonge vya kuziba nafasi ya homoni zilizokosekana, na hivyo vinapatikana. Homoni ya ukuaji ni habari nyingine. Tangu mwaka 1958 ilipatikana kwa kuikamua katika tezi za maiti, hadi mwaka 1985 ilipobainika kuwa baadhi ya waliochomwa walikufa kwa ugonjwa wa ubongo; tangu hapo hutengenezwa maabara kwa kutumia bakteria. Ni salama zaidi, lakini ni ghali, aghalabu huchomwa kila siku, na yataka jokofu. Nyumbani kwa mvulana huyu hakuna umeme. Mganga wa zahanati ya jirani amekubali kumhifadhia dawa hiyo katika jokofu la chanjo, ikiwa itapatikana. Na muhula huu alama yake ukutani imepanda milimita nne.