Mzee wa Miaka 19

Katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, kijana wa kiume anayetumwa misheni hupewa cheo ambacho kwa Kiswahili ni Mzee. Nilipopelekwa Nairobi kutoka Uganda nilikuwa na miaka 19, ndevu hazijaota, na tayari nilikuwa Mzee. Akina mama waliosikia jina hilo walicheka mpaka wakashika mbavu.

Wengi hutuita Wamormoni, ingawa tangu 2018 rais wa kanisa aliwaomba waumini watumie jina kamili. Mvulana hutumikia miaka miwili, msichana miezi 18. Hakuna mshahara, familia na waumini ndio wanaochangia. Mmisionari haendi popote peke yake, ila na mwenzi aliyepangiwa. Tuliamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na taa ilizimwa saa nne na nusu usiku. Yaliyomo katikati ndiyo ninayotaka kuyaeleza, kwa kutumia juma moja tulilolimaliza tukiwa hoi, huko Kayole, wakati wa mvua.

Jumatatu ni siku ya matayarisho. Tulifua mashati meupe kwa mikono, tukapiga deki, tukaenda sokoni kununua sukuma wiki na unga. Jioni nilimpigia mama. Zamani wamisionari waliruhusiwa kuzungumza na wazazi mara mbili tu kwa mwaka, lakini tangu 2019 tunaweza kupiga kila juma. Mama alitaka kujua kama ninakula. Kisha akaniuliza kwa Kiganda, kwa sauti ya chini, kama kweli siku hizi ninaongea Kiswahili. Kwa watu wa umri wake Kiswahili ni lugha ya wanajeshi, lugha iliyobisha mlango usiku wakati wa Idi Amin. Nilimwambia kwamba hapa ndiyo lugha ya kuuzia nyanya. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Haya, basi ongea polepole."

Ushauri huo haukuwa na kazi, kwa sababu sikuweza kuongea haraka hata kama ningetaka. Mwenzi wangu alikuwa kijana wa Utah, Marekani. Akisema "Habari yako, mama," watu walipiga makofi. Mimi nikikwama katikati ya sentensi niliulizwa, "Wewe ni Mwafrika gani usiyejua Kiswahili?" Jumanne tulikuwa na mkutano wa wamisionari wa eneo letu, kisha tukatembea hadi jioni. Kati ya watu watano waliotupa miadi, wawili tu ndio tuliowakuta nyumbani. Mmoja alitusikiliza vizuri sana, na mwishoni akatuomba tumsaidie kupata viza.

Jumatano mvua ilinyesha tangu alfajiri. Tope la Kayole linang'ang'ania kiatu kama deni. Tulijikinga kwenye kibanda cha mama mmoja ambaye jirani zake walimwita Mama Chai. Aliuza chai ya maziwa, mandazi na mayai kwa vijana wa mjengo na wa boda boda. Alikuwa mjane, na kwa miezi mitatu alikuwa akija kanisani kila Jumapili. Ubatizo wake ulipangwa kuwa Jumamosi.

Hapo ndipo penye kiini cha juma lile. Mwaka 1833, huko Ohio, Joseph Smith alitoa mafundisho tunayoyaita Neno la Hekima. Yanakataza pombe, tumbaku na vinywaji vya moto, na kanisa hufafanua kwamba vinywaji hivyo ni chai na kahawa. Anayetaka kubatizwa huulizwa kama yuko tayari kulitii. Kwa Mmarekani huenda hilo ni jambo la kubadilisha kikombe tu. Kwetu sisi chai ndiyo karibu yenyewe. Ukiikataa, mwenyeji anajiuliza kama umeikataa nyumba yake. Na kwa Mama Chai, chai ilikuwa karo na kodi ya nyumba.

"Mwanangu," aliniambia huku akikoroga sufuria, "kunywa nimeacha. Lakini mpishi asiyeonja anauza aibu. Kila asubuhi naonja kijiko kimoja. Hicho kijiko Mungu anakihesabu?"

Mwenzi wangu alinitazama nimtafsirie. Nilimtafsiria. Alisema, na ni kweli, kwamba sharti ni la kunywa, wala hakuna anayemkataza kuuza. Nikamrudishia Mama Chai maneno hayo. Akatikisa kichwa taratibu. "Sikuuliza hivyo," akasema. "Nikisema ni kibaya kwangu, nitampaje mtoto wa mwenzangu kwa shilingi kumi?"

Hatukuwa na jibu. Vitabu vyetu vilikuwa na majibu mengi, ila hilo halikuwemo. Tulimsaidia kuhamisha jiko mahali pasipovuja, tukaondoka.

Alhamisi tulikaa na fundi viatu mmoja mzee. Alishona soli yangu, kisha akauliza bila kuinua macho: "Ni kweli kanisa lenu lilikataa kuwapa watu weusi ukuhani?" Nilikuwa na haya mbele ya mwenzi wangu, naye alikuwa na haya mbele yangu. Nilijibu kwamba ni kweli. Mpaka Juni 1978 mwanamume mweusi hakupewa ukuhani, wala waumini weusi hawakushiriki ibada kuu za hekaluni. Katika mwaka huo, chini ya Rais Spencer W. Kimball, zuio liliondolewa. Na mwaka 2013 kanisa lilichapisha maelezo yanayokana nadharia zilizotumiwa kulitetea. Fundi akauliza, "Na wewe umekubali?" Nikamwambia kwamba nimeyapokea mengine, na hilo bado linaniuma. Alinipa kiatu changu, akakataa pesa. Sikujua kama alinihurumia au aliniheshimu.

Usiku ule mwenzi wangu alishikwa na tumbo la kuendesha. Ijumaa tulishinda kwenye zahanati, yeye amelala chini ya dripu, mimi kwenye benchi, kwa kuwa sheria haikuniruhusu kumwacha. Muuguzi alitoa maelekezo yote kwa Kiswahili: dawa hii kutwa mara tatu, ile kabla ya kula. Nilimtafsiria neno kwa neno. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kunitegemea katika lugha hiyo, na hakuna aliyeniuliza mimi ni Mwafrika gani.

Jumamosi, mwenzi wangu akiwa bado mnyonge, tuliamka mapema kujaza maji kwenye kisima cha ubatizo. Tunabatiza kwa kuzamisha mwili mzima, kwa hiyo kinahitaji saa kadhaa kujaa. Nguo nyeupe za Mama Chai zilikuwa zimepigwa pasi. Saa tatu aliingia kwenye chumba cha mahojiano na kiongozi wetu, kijana mwingine wa miaka 20. Baada ya dakika kumi walitoka. Mama Chai ndiye aliyezungumza.

"Siwezi kumdanganya Mungu kwa sababu ya Jumamosi," alisema. "Nataka nijaribu kuuza uji wa wimbi. Nikiona watoto wanakula na kodi inalipwa, nitawaita. Leo bado."

Tulifungua maji yaende. Jioni, kwenye ripoti ya juma, mahali pa ubatizo tuliandika sifuri. Ripoti haikuwa na nafasi ya kuandika mengine.

Jumapili alikuja kama kawaida, akaketi nyuma. Mkate ulipopita, na maji ambayo kwetu huchukua nafasi ya divai, aliwapitishia wengine sahani kwa utulivu, bila kula. Baada ya ibada alitupa uji kwenye vikombe vya plastiki akataka tuseme ukweli. Ulikuwa na sukari kidogo mno. Tukamwambia.

Baada ya majuma mawili nilihamishiwa eneo lingine, kama inavyotokea mara kwa mara kwa kila mmisionari. Leo ninasoma Kiswahili chuoni, na mama bado anashangaa kwamba mtu anaweza kuipenda lugha ile. Muhula uliopita mwalimu alitufundisha kikanushi cha -ja-: hajafika, hajala, hajabatizwa. Alieleza kwamba hakifungi mlango, kwani kinasema jambo halijatokea mpaka sasa. Wenzangu waliandika. Mimi sikuhitaji kuandika, maana Kiganda nacho kina tannaba, na isitoshe nilikwisha kufundishwa sarufi hiyo Kayole, na mwanamke aliyekataa kuharakishwa na sisi wazee wa miaka 19.