Nimebaki na Sikio la Kulia

Kama unasoma haya mchana ukiwa umejilaza, pazia limefungwa, na simu umeizima kwa sababu wanaopiga ni wanaokudai, basi nakuandikia wewe kwanza. Mungu amenivusha. Nasema hivyo bila kuona haya. Lakini nitaeleza pia jinsi ilivyokuwa, maana ushuhuda unaokimbilia shangwe haumfai mtu ambaye bado yuko chini.

Mimi ni mzaliwa wa Karungu, upande wa Sori, Kaunti ya Migori. Ziwa liko mbele ya boma letu, na ng'ambo ya ghuba kuna vilima vya Gwassi, ambavyo tayari ni Homa Bay. Baba alikuwa mvuvi hadi kifo chake. Mama ni Msabato, na kanisani kwetu kwaya iliimba bila ngoma wala kinanda, sauti nne tu, kwa hiyo nilijua kuzitenganisha sauti kabla sijajua kuendesha baiskeli. Nyatiti niliisikia matangani. Mpigaji huketi chini, vidole vikiwa kwenye nyuzi nane, njuga mguuni, na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga mti wa chombo chenyewe. Anapiga na kuimba, peke yake. Mtoto huwezi kuacha kutazama.

Nilisomea muziki Chuo Kikuu cha Maseno. Siku moja Kisumu, kwenye saiba, kijana wa kiti cha pili alifungua gemu iitwayo Civilization IV, ikaanza kuimba Kiswahili. Nilidhani nimesikia vibaya. Ilikuwa Sala ya Bwana! Wimbo unaitwa Baba Yetu. Aliyeutunga ni Mmarekani, Christopher Tin, na maneno ya Kiswahili yalitengenezwa na Mkenya, Chris Kiagiri. Gemu ilitoka mwaka 2005, na mwaka 2011 wimbo huo ukawa wa kwanza miongoni mwa nyimbo zilizotungiwa gemu kushinda tuzo ya Grammy. Mimi mtoto wa Karungu, niliyefundishwa sala hiyo na mama kabla ya kulala, nikaisikia ikitoka kwenye gemu ya wafalme na vita. Nikajua kazi ninayoitaka.

Wengi hawajui kazi hiyo ni nini. Mtunzi wa muziki wa filamu anajua mlango utafunguliwa dakika gani. Mtunzi wa muziki wa gemu hajui. Mchezaji anaweza kusimama mlangoni saa nzima akila chapati. Kwa hiyo unatunga kipande kinachojirudia bila mshono kusikika, halafu unakiwekea tabaka: adui akikaribia ngoma inaingia, akienda inatoka, na wimbo usikatike. Space Invaders ya mwaka 1978 ilikuwa na noti nne tu zilizorudiwa, zikienda kasi kadiri maadui walivyoshuka, na watu walitokwa jasho. Kwangu haikuwa elimu ngeni. Mpiga nyatiti anafanya vivyo hivyo, kidole cha mguu hakisimami hata nyuzi zikinyamaza.

Nilipata kazi kwa njia ya intaneti, kampuni ndogo ya ng'ambo. Jina lake silitaji. Nilifanyia kazi chumbani kwangu Nairobi, usiku, hedifoni masikioni, ili niende na saa zao. Miaka ya kwanza ilikuwa mizuri. Mama alipata mabati mapya. Kaka yangu alipata injini ya boti. Nilioa. Tukapata watoto wawili.

Mwaka 2022 malipo yakaanza kuchelewa. Mwezi huu nusu, mwezi ujao ahadi. Tukawa tunaishi kwa mikopo ya simu, huu wa kulipa ule.

Kisha asubuhi moja niliamka na sikio la kushoto halipo.

Sijui niseme vipi. Halikuuma. Lilikuwa limezimika. Ndani yake kulikuwa na mlio mwembamba, usiokata. Nikasimama. Chumba kikazunguka. Nikaanguka kando ya kitanda. Mke wangu aliniita, nikaona midomo yake upande huu, sauti ikaja kutoka upande ule. Nikalia kama mtoto.

Tulidhani ni nta. Tulidhani ni mafua. Pesa za daktari wa masikio hazikuwepo, tukasubiri malipo yaingie. Hayakuingia. Nilipofika kwa daktari hatimaye, alipima, akapima tena, akavua miwani. Neva ya usikivu. Inatokea ghafla, na mara nyingi sababu haijulikani. Kuna dawa za steroidi, akasema, lakini zinasaidia zaidi zikianza mapema, ndani ya siku au wiki mbili hivi za mwanzo. Alinipa. Nilimeza. Sikio halikurudi.

Naomba unisikilize hapa hata kama mengine hutayakumbuka. Wewe au mtu wako akiamka sikio moja limezimika, nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Kopeni nauli. Msisubiri.

Niliwaambia wa kampuni ukweli. Barua yao ilikuwa fupi na ya heshima. Mkataba ukaisha. Deni lao kwangu sijalipwa hadi leo. Miaka iliyofuata, 2023 na 2024, kampuni za gemu duniani zilifuta maelfu ya wafanyakazi, watu wenye masikio yao mawili, na wakati mwingine najiambia ningefutwa tu. Haisaidii sana. Mwenye nyumba akatia kufuli. Mama watoto akaenda na watoto kwao Kendu Bay, kwa mapatano, si kwa ugomvi. Mimi nikapanda gari la Migori, kisha matatu ya Sori, begi moja na kompyuta.

Nililala kwenye simba yangu, kile kibanda changu cha ujana. Nililala tu. Mchana na usiku. Mlio haukulala. Usiku, boti za omena zinapowasha taa, ziwa linakuwa kama mji, na zamani nilipenda kulitazama. Sasa nilianza kulitazama vibaya. Sitaeleza. Kama umefika hapo, unaelewa. Nilikuwa nafikiri bima. Nilikuwa nafikiri watoto watakuwa na amani. Fikira hizo zinakuja na sauti ya utulivu sana. Hazipigi kelele. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Mama hakuniuliza kitu. Alileta kiti chake kidogo akakaa nje ya mlango wangu akichambua omena. Alikuwa akiimba sauti ya pili peke yake, akiacha nafasi ya zile nyingine. Jioni moja nilimwambia, "Mama, sitaki kuishi." Aliweka uteo chini. Akasema, "Mwanangu, leo utalala kwa kaka yako." Basi. Hakuhubiri. Kaka akaja akabeba godoro langu kichwani, nikalala chumba kimoja na wanawe, na kwa wiki nyingi hakuna aliyeniacha peke yangu, ingawa hakuna aliyesema kwamba ananilinda. Hata kwenda chooni mpwa wangu mdogo alinisindikiza, akidai anaogopa nyoka.

Kaka alinipeleka hospitali ya misheni pale pale Karungu. Huko niliambiwa kwamba ninachougua kina jina, sonona, na kina dawa, na kinahitaji kusemwa kwa mdomo. Mama aliniombea kila alfajiri na kila alfajiri aliniuliza kama nimemeza vidonge. Kwake hayo hayakugongana. Sielewi wanaoyagonganisha.

Nilikuwa najipatia nguvu kidogo kidogo wakati mwalimu wa kwaya wa sekondari moja jirani alipohamishwa, na Tamasha la Muziki la Kenya linakaribia. Mwalimu mkuu anasali na mama. Unaweza kukisia. Nilikataa. Mama akakubali kwa niaba yangu.

Siku ya kwanza nilitaka kukimbia. Ubongo hujua sauti inatoka wapi kwa kulinganisha masikio mawili, lipi limepata kwanza na kwa nguvu gani. Mwenye sikio moja hana cha kulinganisha. Nilisikia besi moja imeteleza, lakini ni nani kati ya wavulana wote wale? Sikuweza kujua. Nikawaambia. Nikasema, sikio langu la kushoto limekufa, anayejisikia ameteleza ainue mkono. Kimya. Kisha mvulana mmoja mrefu akainua, akicheka. Mpaka mwisho wa wiki walikuwa wanainuliana mikono wenyewe kabla sijasimamisha. Tulifika ngazi ya kaunti. Hatukupita zaidi, na wasichana wawili walilia, nami nilikuwa nikitabasamu kama mwendawazimu kwa sababu nilikuwa nimeshinda siku nzima bila kuusikiliza ule mlio.

Baadaye chuo kimoja Kisumu kikatafuta mkufunzi wa muziki wa kompyuta. Kwenye usaili nilitaja sikio kabla hawajaliuliza. Mama mmoja wa jopo akasema, "Sasa utafundishaje kupanga sauti za kushoto na kulia?" Nikamjibu kwamba programu ina kitufe cha kuunganisha pande mbili kuwa moja, na hicho kitanitosha kupima uzito wa sauti. Upande gani sauti imekaa, wataniambia wanafunzi, na itawabidi wajifunze kuisema kwa usahihi, kwa kuwa mwalimu wao hawezi kuhakiki. Walinipa saa chache, kisha zikaongezeka. Mshahara ni mdogo kuliko wa zamani, sitakudanganya. Lakini unaingia tarehe yake. Familia yangu iko nami tena.

Wanafunzi wangu wanarekodi orutu, fidla ya Kiluo, na kuigawa tabaka kwa tabaka kwa ajili ya gemu wanazozibuni wenyewe. Hubishana mbele yangu kama filimbi iko kushoto sana, nami hungoja.

Hofu haijaisha. Kila asubuhi, kabla sijasalimia mtu, nasugua vidole karibu na sikio la kulia nihakikishe lipo. Nikishikwa na mafua likaziba, mikono hutetemeka, na mke wangu hunishika bila kusema kitu. Naogopa, halafu naenda kazini.

Ile injini kaka aliiuza kunilipia dawa na madeni ya simu. Nimejaribu kumrudishia pesa kidogo kidogo kwa M-Pesa, naye huzirudisha saa ile ile. Anasema hataki. Anachotaka ni binti yake wa kwanza afundishwe piano, na ameshamnunulia kinanda kidogo cha mkononi huko Migori, kibovu kweli, noti mbili hazitoki. Tunaanza Jumapili hii.